Kaumwa Nini?

Siku hizi ukiyataja yale maradhi mbele za watu, unatazamwa kama uliyejamba kwenye maulidi. "Aa, yale yalikwisha," wanakwambia, na wengine wanaapa kabisa kwamba hayakuwahi kufika Unguja, kwamba zilikuwa habari za Wazungu na televisheni. Yalifika. Mie najua yaliingilia mlango gani kwetu, maana nilikuwa nimesimama pale pale na ndoo ya maji mkononi.

Na kabla sijamlaumu mtu, nianze na mie mwenyewe. Wakati ule nilikuwa nafua mashuka kwenye hoteli moja Kiwengwa. Ndege ziliposimamishwa wageni wakaondoka, na sisi tukaambiwa twende makwetu mpaka tutakapoitwa. Nyumba yangu iko Kiembe Samaki, ndege zinapita juu ya bati letu karibu zilikwangue. Miaka yote nikizilaani kelele zile. Zilipokatika, nikawa nakaa uani nimetega sikio kama mwendawazimu, nasikiliza kunguru tu.

Skuli zikafungwa, vyuo vikafungwa, harusi zikapigwa marufuku. Darajani wauzaji wakatawanywa, na kila mlango wa duka ukawekwa ndoo ya maji na kipande cha sabuni. Siku za mwanzo watu walitii, wacha wee, mpaka wakapitiliza: mtu anamwamkia mama yake kutoka dirishani. Kisha woga ukachoka. Harusi zikarudi kwa mlango wa nyuma, ngoma inapigwa kwa vidole. Barakoa moja ikawa ya nyumba nzima, anayekwenda benki ndiye anayeivaa, akirudi inatundikwa kwenye msumari kumngojea mwengine. Kwenye zile ndoo watu walichovya ncha za vidole tu ili muuza duka asigombe.

Na mie ndiye niliyekuwa na mdomo kupita wote. Nilikuwa nasema wazi, mbele ya kila mtu, kwamba wakubwa wanatufungia riziki kwa ajili ya mafua. Kwamba wenye mishahara ya mwisho wa mwezi ni rahisi kwao kutwambia tukae ndani. Hilo la pili nalisema hata leo. Hilo la kwanza ndilo linaloniuma.

Sasa nikueleze habari za mama yangu. Mama alikuwa muosha maiti. Alikaa Mji Mkongwe, katika vichochoro vya nyuma ya Darajani, na mitaa ile mwanamke akifariki anaitwa yeye kabla ya kuitwa mchimba kaburi. Alikuwa na mwenzake wa kazi, bibi mmoja mdogo kwake kidogo, aliyejifunza kwake. Mmoja anamimina maji, mmoja anaosha, na wakichoka wanabadilishana. Wameosha pamoja miaka mingi hata hawakuhitaji kusemezana.

Mama alikuwa akizungumza na maiti tu. "Haya bibi, nnakuinua kidogo, usinione vibaya." Anamwinua mgongo, anamwegemeza kwenye goti lake, kisha anampapasa tumbo polepole kwa kiganja, kwenda chini, ili kilichobaki tumboni kitoke. Na pumzi iliyobaki kifuani nayo hutoka. Utasikia maiti anaguna. Mara ya kwanza nilipoisikia sauti ile, nikiwa msichana, nilikimbia mpaka barabarani, na Mama alicheka wiki nzima.

Alikuwa na mwiko mmoja. Kwetu, ukienda msibani, hujakaa vizuri mkekani, mkono wa mfiwa bado umo mkononi mwako, ushauliza: "Kaumwa nini?" Si umbea. Ndivyo tunavyoliwazana. Mfiwa anakuhadithia tangu homa ilipoanza mpaka pumzi ya mwisho, akija mwengine anaanza upya, na kila akirudia, uzito unapungua. Mama peke yake hakuuliza. Akiitwa, anatia kanga zake kwenye mkoba anakwenda. Hata mwenzake, Mama alimfundisha hivyo hivyo. "Ukiuliza," alikuwa akimwambia, "utaanza kuchagua. Na maiti hachaguliwi."

Basi sheha, mkubwa wa serikali katika shehia yake, akaja na karatasi. Mtu mzima wa heshima zake, nami nilikuwepo siku hiyo. Akasimama mlangoni, hakuingia, akasema, "Shikamoo Bi Mkubwa. Kuanzia leo ukiitwa, uliza kwanza. Ikiwa ni mambo ya kifua, usiguse. Nipigie simu mie, watakuja watu wa afya."

"Marahaba. Mie naosha, sihoji," Mama akamwambia. "Wenye kuhoji wapo, wanamngojea kaburini."

Sheha alicheka, lakini hakuondoka. Akatoa mfuko, ndani yake barakoa na jozi za glovu, akauweka kizingitini. "Na hata ukienda kuosha," akasema, "basi angalau vaa hivi. Tafadhali, mama yangu."

Alipokwenda zake Mama alivijaribu. Wallahi alivijaribu. Alivaa glovu, akafunga barakoa, na juu yake akajitanda ushungi, akasimama mbele ya kioo cha kabati anajitazama huku na huku. Mie nilikuwa nimekaa kitandani na hasira zangu za kukosa kazi. Nikamwambia, "Mama, unakwenda kuosha maiti au unakwenda kurina asali?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Akavivua vyote, akavirudisha mfukoni, mfuko akausukuma chini ya kitanda. Nami nikacheka. Nikaongeza na la pili, kwamba amwache sheha na makaratasi yake, watu wenyewe hawatomwambia kweli hata akiwauliza. Mtu anaweza kusema neno la mzaha mchana mmoja, akala nalo, akalala nalo, maisha yake yote.

Baada ya hapo likatokea lile la mtaa wa pili. Mwanamke mmoja alifia hospitali, na maiti hakurudishwa nyumbani. Alizikwa na watu waliovaa nguo nyeupe kutoka kichwani mpaka miguuni, amefungwa kwenye plastiki, wanawe wawili tu wa kiume wamesimama mbali. Wanawake wa nyumba yake hawakumuona. Hawakumuosha, hawakumtia karafuu maiti, hawakujua hata kama sanda ilikuwepo. Dada yake alikaa barazani siku tatu anauliza kila apitaye, "Kwani alikosa nini? Alikosa nini jamani?"

Tangu siku hiyo watu hawakuyaogopa maradhi tena. Waliyaogopa mazishi. Kila nyumba ikaapa kwamba wetu hazikwi vile, na ndipo ilipoanza presha. Mzee akifa, presha. Kijana mwenye kifua cha kubeba magunia, presha. Ukiuliza "Kaumwa nini?" unajibiwa neno hilo moja, kavu, hakuna cha hadithi ya mwanzo wala mwisho, na anayejibu anaangalia pembeni. Na wewe unaitikia, "Masikini, presha mbaya," na unakwenda zako. Sheha akiandika, anaandika presha. Nadhani naye alikuwa anajua. Angefanya nini? Naye ana mama.

Siwezi kusema zile amri zilikuwa mbaya. Sasa najua zilikuwa na maana yake. Lakini aliyezitoa hakukaa nasi mkekani hata siku moja, hakujua tunachokiogopa ni kipi. Angesema tu, "Mtawaosha, ila vaeni hivi, na watu wachache," kama alivyosema sheha wetu pale kizingitini kwa akili yake mwenyewe, tungelitii. Badala yake tukatishwa kwa plastiki, nasi tukajifunza kusema uongo. Na tuliujua upesi mno, hapana haja ya kumsingizia mtu.

Kisha ndege zikarudi. Ile ya kwanza ilipopita juu ya bati letu nilitoka uani nikapiga kigelegele peke yangu, na majirani wakanijibu. Ikasemwa maradhi yamekwisha, na sisi nani tubishe? Tukaitwa Kiwengwa, mashuka yakarudi kwa malundo. Ndoo za madukani zikaibiwa au zikapandwa mchicha. Aliyeendelea kuvaa barakoa alionekana hana imani, au ana jambo lake analificha. Mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwa Mama aliendelea kuivaa, na watoto wakimwita Ninja.

Miezi ikapita, na yale maradhi yakarudi. Safari hii hapakuwa na tangazo, sheha hakuja na karatasi, hapakufungwa kitu. Ulichosikia ni vipaza sauti vya misikiti tu, tanzia juu ya tanzia, mpaka ukawa unahesabu bila kutaka. Watu walianza kusema kwa sauti ya chini "changamoto ya kupumua", maneno waliyoyatoa redioni, kama kwamba kupumua ni mtihani na mtu kafeli. Hadharani lakini ilibaki presha.

Siku moja ya mapumziko yangu nilikuwa kwa Mama. Wakaja kumwita: mwanamke wa uchochoro wa tatu, jirani wa mbali. Presha, wakasema wenyewe, kabla hawajaulizwa. Mwenzake Mama alikuwa amekwenda Makunduchi kwa jamaa zake, hivyo Mama akanambia, "Twende, utanimiminia."

Chumba kilikuwa kimefungwa madirisha, na kilinuka limau na mchaichai. Nilipoinama kuweka ndoo, nikaliona sufuria chini ya kitanda, kubwa la kupikia harusini, limejaa majani ya mwarobaini yaliyochemka, na pembeni yake blanketi la kujifukizia, bado bichi. Presha haifukizwi. Mtoto mdogo anajua hilo. Nikainua macho, nikamwona Mama naye analitazama lile sufuria. Kisha akanitazama mie.

Mpaka leo sijui alikuwa akiningojea niseme nini. Ningesema, "Mama, turudi tukachukue ule mfuko," tungechelewa kidogo tu, nyumba ni karibu. Lakini mie ndiye niliyemcheka. Mie ndiye niliyetangaza mwaka mzima kwamba ni mafua. Wanawake wa nyumba ile walikuwa wamesimama ukutani wanatukodolea macho, wanaomba kimoyomoyo tusiulize. Nikajikausha. Mama akakunja mikono ya gauni lake, akasema, "Haya bibi, nnakuinua kidogo," akamwegemeza kwenye goti lake, uso kwa uso, akampapasa tumbo. Maiti akaguna.

Siku ya sita Mama akaanza kukohoa. Mie nilipata homa siku mbili na chakula kikapoteza ladha, basi, nikapona. Yeye hakupona. Nikamwomba nimpeleke hospitali, nikampigia magoti, nikalia. Alikuwa akivuta pumzi kama mtu anayepandisha ngazi, lakini kunijibu akanijibu. "Hunipeleki. Nikifia kule sijui watanifunga na nini. Mie nimewaosha wenzangu kwa mikono, na mie nataka nioshwe kwa mikono. Niahidi." Nikamuahidi. Watu wananambia ningembeba kwa nguvu. Nani ambebe mama yake kwa nguvu? Nao hawakuwepo kuyaona macho yake.

Alifariki asubuhi, jua lishatoka, nje watu wanapita kwenda sokoni. Nikampigia simu mwenzake, alikuwa ameshatoka Makunduchi. Akaja upesi na mkoba wake. Nilimfungulia mlango. Nilitarajia atanikumbatia, atalia, wamekaa pamoja umri mzima. Hakuingia. Alisimama pale nje, akanitazama usoni, akauliza, "Kaumwa nini?"

Yeye. Aliyefundishwa na Mama mwenyewe asiulize. Nikasema moyoni, amesikia, anaogopa, nikimwambia kweli atageuka, na mtaa mzima utageuka nyuma yake, na simu itapigwa, na Mama atatoka humu ndani kwa plastiki. Nilimuahidi.

"Presha," nikamwambia.

Kisha akasema, "Mungu amrehemu," akavua viatu akaingia. Alimuosha vizuri kupita nilivyowahi kuona akimuosha mtu. Alimwinua, akamwegemeza kwenye goti lake, akalia juu ya uso wake, machozi yakachanganyika na maji niliyokuwa namimina. Akampapasa tumbo. Nilijua kitakachotoka kifuani, nami sikufungua mdomo. Nilimimina maji tu.

Mazishi yakawa makubwa. Wanaume walijaa kichochoro mpaka barabara kuu, wakipokezana jeneza, hakuna hata mmoja aliyefunika pua. Ndani wanawake walikaa bega kwa bega, na kila aliyenipa mkono aliniuliza, nami nikawajibu. Mmoja akanishika kidevu akasema, "Ndiyo hivyo mwanangu, muosha huoshwa." Nilitamani nimzabe kibao. Nilikuwa nimeridhika lakini, sitosema uongo wa pili. Nilikaa pale mkekani nikijiambia kwamba Mama kapata alichotaka, na nimewashinda wote.

Baada ya hitima nikarudi kazini. Huko Kiwengwa nikapata habari kwamba mume wa yule bibi, mwenzake Mama, kafariki. Alifariki wiki mbili tu baada ya hitima ya Mama. Sikwenda msibani wala sikupeleka salamu. Nilisema sikupewa ruhusa, na ukweli sikuomba. Ukikosa msiba wa mtu aliyekuoshea mama yako, kwetu hapana jina la kosa hilo.

Karibu mwaka ukapita nikimkwepa. Nikiwa mjini, nikiona ushungi unaofanana na wake, nageuza njia. Mwisho nikamkuta Darajani, kwenye meza za samaki, tumesimama bega kwa bega hata sikupata pa kukimbilia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Hujambo, mwanangu?"

Nikampa mkono. Alikuwa amekonda, lakini sura yake ni ile ile. Nikaanza kujieleza, kwamba nilizisikia habari za mzee, kwamba kazi za hoteli unazijua, na katikati ya kujieleza, mkono wake ungali mkononi mwangu, ulimi ukanitoka wenyewe kama unavyotutoka sote:

"Aliumwa nini?"

Nilipojisikia nilitaka ardhi inimeze. Yule bibi hakuutoa mkono wake.

"Presha," akasema.

Pembeni mtu alikuwa akinadi samaki changu kwa sauti, watu wanasukumana, wanacheka, mtu anakohoa bila kuziba mdomo. Yeye akanisogelea, hakuwa na hasira, na ningependa sana angekuwa nayo.

"Siku ile nilikuuliza si kwa kuogopa," akanambia. "Mamako ningekosaje kumuosha? Ningekuja tu, hata ungenambia ni ukoma. Nilitaka nijue, nijifunge pua. Na nikirudi nilale chumba cha uani, kwa sababu bwana wangu alikuwa na pumu."

Nikatafuta neno, na lililokuwepo ni moja tu, tunalompa kila mtu, hata aliyejikwaa barabarani.

"Pole, Bi," nikamwambia.

"Nshapoa," akaitikia, kama inavyoitikiwa, akautoa mkono wake, akachukua kikapu akaenda zake.